Fimbo ya gofu: Siri iliyomo ndani ya mpini mweusi

Kila mwanzo wa mwaka, wachezaji mashuhuri wa gofu hukusanyika mjini Dubai kuwania kombe la Dubai Desert Classic, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1989. Kwa kawaida huchezwa katika uwanja wa Majlis wa klabu ya Emirates, uliofunguliwa mwaka 1988 na ambao ulikuwa uwanja wa kwanza wa mashindano katika Mashariki ya Kati kupandwa nyasi kote.

Macho ya watazamaji huufuata mpira unaporuka. Ni wachache wanaoutazama mpini mwembamba, mweusi, unaounganisha mikono ya mchezaji na kichwa cha fimbo. Hata hivyo, mabadiliko makubwa ya mchezo huu katika nusu karne iliyopita yamepitia humo.

Kutoka mti hadi chuma

Zamani mipini ya fimbo za gofu ilichongwa kwa mti wa hikori wa Amerika Kaskazini. Mti ni mkusanyiko wa nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ya asili. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua vyema nguvu hiyo: boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji hadi Ghuba, na ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba za kale za Dubai.

Lakini mti hunyonya unyevu, hupinda, na hakuna miti miwili inayofanana. Chama cha gofu cha Marekani kiliruhusu mipini ya chuma cha pua mwaka 1924, na wasimamizi wa mchezo huo huko St Andrews, Scotland, wakafuata mwaka 1929. Chuma kilikuwa imara na kilitengenezwa kwa kipimo kimoja. Kasoro yake ilikuwa uzito.

Zao la utafiti wa ndege

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Japani, Marekani na Uingereza walibuni njia za kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa na uzito mdogo. Mahitaji ya vyombo vya angani ndiyo yaliyosukuma sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwaka 1969 mhandisi Frank Thomas, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Shakespeare ya Marekani, alibuni mpini wa gofu wa nyuzi hizo, uliokuja kuitwa wa grafiti. Mwaka 1972 Mmarekani Gay Brewer alishinda mashindano ya Taiheiyo nchini Japani akiwa na fimbo ya aina hiyo.

Hata hivyo, mipini ya mwanzo ilikuwa na ila. Ilijisokota mno wakati wa kupiga, kichwa kikageuka na mpira ukaenda kombo. Ndiyo maana baadhi ya wachezaji wakubwa, akiwemo Tiger Woods, waliendelea kutumia mpini wa chuma hata kwenye fimbo yao ndefu hadi miaka ya mwanzo ya 2000.

Mithili ya mkeka

Ufumbuzi ulipatikana katika mpangilio wa nyuzi. Kiwandani, nyuzi za kaboni hulazwa pamoja na kulowekwa kwa gundi ya epoksi, zikawa karatasi nyembamba. Karatasi hizo hukatwa na kuviringishwa juu ya ufito wa chuma, kama mtu anavyoviringisha mkeka, kisha huokwa katika tanuri hadi gundi ikauke. Ufito huchomolewa, na mpini hupigwa msasa.

Nyuzi zinazofuata urefu wa mpini huzuia kupinda. Zinazolazwa mshazari, kwa nyuzi 45 za pembe kila upande, huzuia msokoto. Zinazozunguka huzuia mpini usibonyee. Kwa kuongeza tabaka hapa na kupunguza pale, mtengenezaji huamua ni sehemu gani iwe ngumu na ipi ilegee. Kwa chuma, uhuru huo ni mdogo.

Matokeo yake ni kwamba mpini wa chuma unaweza kuwa na gramu 120 au zaidi, ilhali wa kaboni wa fimbo ndefu mara nyingi huwa kati ya gramu 50 na 70. Wepesi huo humsaidia mchezaji kuipeleka fimbo kwa kasi zaidi. Vile vile kaboni hufifisha mtikisiko, jambo linalowafaa wazee na wenye maumivu ya viungo. Hata hivyo, wachezaji wengi wa kulipwa bado wanapendelea chuma kwa fimbo fupi, ambako kinachotakiwa ni shabaha kuliko umbali.

Joto na hatari

Mjini Dubai, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi, yapo mambo ya kuzingatia. Ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani, joto hupanda zaidi. Kinachoathirika kwanza ni gundi inayokishikilia kichwa cha fimbo kwenye mpini. Mafundi wenyewe hukichomoa kichwa kwa kukipasha moto.

Aidha, chuma kikizidiwa mara nyingi hupinda kwanza. Kaboni hukatika ghafla, ikaacha ncha kali zinazoweza kumjeruhi mchezaji au mbebaji fimbo wake. Kwa hiyo anayenunua fimbo iliyokwisha kutumika, awe Dubai, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, anashauriwa kukagua mikwaruzo mirefu iliyokata nyuzi, hasa pale mpini unaposuguana na mdomo wa mfuko, na kuhakikisha kwamba kichwa hakichezi.

Je, ghali ndiyo bora?

Mipini huandikwa herufi zinazoonyesha ugumu: L na A kwa walaini, R kwa wa kawaida, S na X kwa wagumu. Lakini hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. R ya kampuni moja yaweza kulingana na S ya nyingine. Mpini mgumu uliotengenezwa kwa ajili ya bingwa, ukiwa mikononi mwa mtu mwenye mwendo wa taratibu, huwa vigumu kuumudu, na mpira huelekea kuruka chini na kupotea kando.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mnunuzi aijaribu fimbo kabla ya kutoa fedha, na ikiwezekana apimwe kasi ya mkono wake. Nyuzi za kaboni zimempa mchezaji mpini mwepesi, lakini mpini unaomfaa ni ule unaolingana na nguvu zake mwenyewe, uwe wa bei yoyote.