Hofu ya Mwuguzi Mbele ya Mpox

Tarehe 25 Julai 2024 Serikali ya Burundi ilitangaza kwamba wagonjwa watatu wa mpox, maradhi ambayo wengi tuliyazoea kwa jina la homa ya nyani, wamethibitishwa nchini. Kabla ya mwaka huo kwisha, Burundi ilikuwa ya pili barani Afrika kwa wingi wa wagonjwa, ikitanguliwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake. Jiji la Bujumbura liliathirika sana. Mtaa wa Mutanga Nord uko upande wa kaskazini wa jiji hilo, si mbali na Kamenge, ambako Hospitali ya Chuo Kikuu ilielemewa na wagonjwa hata ikabidi mahema yapigwe nje.

Mengi yamekwisha semwa juu ya wagonjwa. Juu ya wale wanaowauguza yamesemwa machache, na baadhi yake ni lawama tu.

Mpox huambukiza zaidi kwa kugusana: kwa vidonda na majimaji yake, kwa mashuka na nguo za mgonjwa, na hata kwa mate ya watu wanaokaribiana sana. Basi tuiangalie kazi ya mwuguzi. Yeye humgeuza mgonjwa kitandani, humwosha, humfunga vidonda, hukunja mashuka yake. Kila jambo ambalo mwananchi anaonywa asilifanye, yeye huajiriwa alifanye. Tena mgonjwa hafiki akiwa na jina la ugonjwa usoni. Hufika kwenye kituo cha afya cha mtaani akiwa na homa na upele unaofanana na tetekuwanga, na huguswa kabla ya mtu yeyote kushuku lolote. Dalili zaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Katika siku hizo mwuguzi hurudi nyumbani jioni, na watoto humkimbilia mlangoni.

Kuna jambo jingine lisilokumbukwa sana. Chanjo ya ndui ilimkinga mtu kwa kiasi fulani na mpox pia. Lakini ndui ilipotangazwa mwaka 1980 kuwa imetokomezwa duniani, chanjo hiyo iliachwa. Kwa hiyo wauguzi wengi waliokabili mpox mwaka 2024 hawakuwa na kinga hiyo ambayo wazee wao walikuwa nayo.

Wapo wanaoiita hofu hiyo woga. Hao wakumbushwe yaliyotokea Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, wakati wa Ebola, ugonjwa mkali kuliko mpox. Katika Hospitali ya Lacor wauguzi waliwaona wenzao wakifa mmoja baada ya mwingine, wakakusanyika na kusema kazi imewashinda. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiongoza hospitali, hakuwatisha wala kuwafukuza. Alikaa nao, akawasikiliza kwa muda mrefu, akawaeleza kwamba hospitali ikifungwa naye ataondoka Gulu. Walirudi wodini. Yeye mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba mwaka huohuo.

Wauguzi wale hawakukosa maarifa. Waliijua Ebola kuliko mtu yeyote aliyewanyooshea kidole. Ndiyo maana semina na mabango peke yake hayatoshi. Anayejua namna ya kujikinga, kisha akakuta glavu zimekwisha na maji yamekatika, huogopa zaidi ya asiyejua, na hana kosa.

Na tunapotaja wahudumu wa afya, tusiishie kwa wenye makoti meupe. Yuko mama anayefua mashuka ya wodi ile. Virusi vya mpox vyaweza kudumu kwenye kitambaa kwa siku nyingi, na kuyakung'uta mashuka hayo ni hatari. Mama huyo mara nyingi haitwi kwenye semina, na glavu zinapogawiwa hufikiwa mwisho.

Shirika la Afya Duniani liliondoa tangazo lake la dharura ya mpox tarehe 5 Septemba 2025. Tangazo hilo halikumaliza ugonjwa, wala halikujaza stoo za vituo vya afya.