Fumbo Lisilouzwa: Kwaresima Njombe na Makambako

Fumbo takatifu, kwa mafundisho ya Kanisa, ni ukweli ambao Mungu mwenyewe ameufunua na ambao akili ya mwanadamu haiwezi kuumaliza. Utatu, Neno kufanyika mwili, msalaba na ufufuko, uwepo wa Kristo katika Ekaristi: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofichwa. Hutangazwa hadharani, watoto wa komunyo ya kwanza huvikariri, na bibi aliyesali rozari maisha yake yote bado hajavifikia mwisho. Kwaresima, siku 40 za kujiandaa kwa Pasaka, ni wakati ambao Wakristo huacha kwa makusudi kujifanya wameshamwelewa Mungu.

Wazo hili ni la zamani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 24, kinaeleza kwamba wingu liliufunika mlima Sinai siku sita, Musa akingoja, na siku ya saba akaitwa aingie humo. Akakaa mlimani siku 40, usiku na mchana. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, aliyaandikia maisha ya Musa kitabu kizima, akaonesha kwamba safari ya nabii huyo ilianza kwenye mwanga wa kijiti kiwakacho ikaishia gizani, kwa kuwa anayemkaribia Mungu hutambua zaidi na zaidi kwamba Mungu amempita. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliwaambia waumini wake kwamba wakidhani wamemwelewa, basi walichokielewa si Mungu. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, haukuidharau akili: ulifundisha kwamba ikitafuta kwa unyenyekevu hupata ufahamu wenye manufaa, ila haitayaona mafumbo kama inavyoona mambo ya kawaida. Katika karne ya 20 Mjesuiti wa Ujerumani, Karl Rahner (1904–1984), alimwita Mungu Fumbo Takatifu, akisisitiza kwamba fumbo hilo liko karibu na kila mtu.

Upande wa Kilutheri njia ilikuwa nyingine. Martin Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alishikilia kwamba Mungu hujulikana pale alipojificha, yaani katika mateso ya msalaba, na kwamba anayemtafuta kwenye fahari peke yake humkosa. Mapokeo hayo mawili, la Kikatoliki na la Kilutheri, yamekuwa majirani Njombe, kusini mwa Tanzania, kwa muda mrefu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo cha Kidugala mwaka 1898, mwaka uleule Wabenediktini walipoanza Peramiho, kusini zaidi, na kutoka huko wakaja kufika Uwemba. Jimbo Katoliki la Njombe liliundwa mwaka 1968. Leo mji wa Njombe una makao ya jimbo hilo, ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na ya dayosisi ya Kianglikana ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika. Kabla ya wote hao Wabena, wenyeji wa Njombe, walimjua Mungu kwa jina la Nguluvi, na walikwenda kutambika kwenye makaburi ya wazee wao. Kwamba Mungu yupo na hashikiki halikuwa jambo la kuletwa na meli.

Nchi yenyewe inasaidia somo hilo lieleweke. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kwaresima huangukia masika, wakati ukungu unapofunika mashamba ya chai na misitu ya miwati hadi mtu asione nyumba ya jirani. Jumapili ya pili ya Kwaresima Wakatoliki husomewa Injili ya Yesu kugeuka sura, ambapo wingu linawafunika wanafunzi nao wanaogopa. Msikilizaji wa Njombe anajua maana ya kuwa ndani ya wingu: njia ipo, jirani yupo, lakini huoni.

Siku 40 za Kwaresima zilikwisha kutajwa katika kanuni za Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Zikiondolewa Jumapili sita, zinabaki 40. Majivu ya kupakwa waumini wote yalihimizwa na sinodi ya Benevento, Italia, mwaka 1091. Yanatengenezwa hivi: matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, ambayo familia zilikuwa zimeyachomeka nyuma ya msalaba ukutani, hurudishwa parokiani yakiwa makavu na ya kahawia, huchomwa, na majivu yake huchekechwa. Padri huchovya kidole gumba na kuchora msalaba kwenye paji la uso, akimkumbusha kila mmoja kwamba ametoka mavumbini na atarudi huko. Mwenye fuso la mbao na mama anayeuza viazi sokoni hupata alama ileile. Tawi lililopungwa kwa shangwe ndilo limekuwa majivu, na hakuna mahubiri yanayoweza kulisema jambo hilo vizuri zaidi ya majivu yenyewe.

Sheria ya Kanisa Katoliki ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kufunga chakula ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama ni siku hizo pamoja na Ijumaa nyingine, kuanzia miaka 14. Yaliyobaki ni hiari, na hapo ndipo kila mahali pana mtihani wake. Makambako, njia panda ya barabara ya Mbeya na ya Songea, penye stesheni ya TAZARA na mabasi usiku na mchana, moshi wa nyama choma haujui Ijumaa. Vijijini mtihani ni ulanzi, pombe ya mianzi. Pombe hii hugemwa wakati wa mvua: mgemaji hukata ncha ya mwanzi mchanga, hufunga mbeta, chombo cha kukingia, chini yake, na asubuhi na jioni huchonga tena ili utomvu uendelee kudondoka. Unaotoka mapema ni mtamu, hata watoto huupenda. Ukilala unakuwa mkali. Kwa kuwa Pasaka huwa kati ya Machi 22 na Aprili 25, Kwaresima hukutana uso kwa uso na msimu wa ulanzi. Anayeuacha kwa siku 40 anaacha kitu kinachodondoka bure nyuma ya nyumba yake.

Lakini kufunga kuna hatari ya kugeuka biashara. Mtu hufunga ili apate kazi, ili bei ya parachichi ipande, ili adui yake aanguke. Kuomba mahitaji si kosa. Yesu mwenyewe alifundisha kuomba mkate. Kosa ni kudhani kwamba njaa ni malipo na Mungu ni muuzaji. Fumbo likishapewa bei si fumbo tena.

Njombe inayajua matokeo ya imani yenye bei. Desemba 2018 na Januari 2019 watoto kadhaa mkoani humo walitekwa na kuuawa, na mamlaka zilihusisha mauaji hayo na ushirikina wa kutafuta utajiri. Baadhi ya waganga walikamatwa. Majivu ya mwaka huo yalipakwa Machi 6, wazazi wakiwa bado wanawasindikiza watoto shuleni kwa hofu. Siri za namna ile huuzwa gizani, humpa mnunuzi ahadi ya kuitawala bahati, na hudai damu ya mwingine. Imani ya Kikristo inatangaza kinyume chake mchana kweupe: Mungu aliyetoa damu yake mwenyewe, bure, na asiyetawalika. Mkristo anayekwenda kanisani Jumapili na kwa mganga Jumatatu hajachanganya dini mbili tu. Amekataa fumbo na kuchagua mbinu.

Lipo pia fumbo la mateso, ambalo mkoa huu unalibeba kwa uzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha maambukizi ya virusi vya UKIMWI Njombe kuwa asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, ya juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Katika nyumba nyingi watoto wamelelewa na bibi. Wapo wahubiri wanaoleta jibu la haraka: laana ya ukoo, dhambi ya wazazi. Injili ya kipofu tangu kuzaliwa, Yohana sura ya 9, inayosomwa katika Kwaresima, inalikataa jibu hilo waziwazi. Wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi; Yesu akaukataa mwelekeo wa swali, kisha akapaka udongo macho ya yule mtu. Kazi ya kanisa la Njombe inafuata mpangilio huohuo pale jumuiya ndogo ndogo inapokusanyika kusoma Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu, halafu ikaenda kumlimia mgonjwa shamba na kumpelekea kuni. Kwa nini amepatwa yeye, hakuna anayejua. Shamba lazima lipaliliwe.

Jimbo lenyewe lilipitia fumbo hilo la mateso. Askofu Alfred Maluma, aliyeliongoza tangu mwaka 2002, alijeruhiwa katika ajali ya gari akafariki Aprili 6, 2021, Jumanne ya juma la Pasaka. Waumini waliotoka kuimba Aleluya waliingia msibani bila kuifuta Aleluya.

Kwaresima humalizikia katika siku tatu kuu. Alhamisi jioni miguu huoshwa, Ijumaa msalaba huabudiwa bila Misa kuadhimishwa, na usiku wa Mkesha moto mpya huwashwa nje ya kanisa kabla ya wakatekumeni kubatizwa. Katika karne ya 4 Sirili wa Yerusalemu na Ambrosi wa Milano waliwaeleza wabatizwa maana kamili ya ubatizo na Ekaristi baada ya kuvipokea, katika juma la Pasaka. Waliona kwamba fumbo huingiwa kwanza, maelezo hufuata. Utaratibu wa Kikatoliki wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa mwaka 1972, umerudisha kipindi hicho cha maelezo katika siku 50 za Pasaka, na parokia inayowaaga wabatizwa wake mara tu baada ya Mkesha inawanyima sehemu ya mafundisho wanayostahili.