Kabla ya Kununua Bodi, Tazama Lenzi

Wapiga picha wanaoanza kazi ya harusi Dar es Salaam au Mombasa huuliza swali lilelile: ninunue DSLR ya mtumba, au nijikaze nipate kamera isiyo na kioo? Mimi huwauliza kwanza wana lenzi gani, na zipi wanapanga kununua. Bodi utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi nzuri utakaa nayo, na ndiyo inayokula fedha nyingi.

Ndani ya DSLR, kioo kilichoinama nyuzi 45 hukaa mbele ya kihisi cha mwanga na kupeleka taswira juu, hadi kwenye kitundu unachochungulia. Ukibonyeza, kioo huruka na shata hufunguka. Kioo kinataka nafasi ya kurukia, ndiyo maana kwenye Canon EF ya mwaka 1987 lenzi hushikia milimita 44 mbele ya kihisi, na kwenye Nikon F, iliyoanza enzi za filamu mwaka 1959, milimita 46.5. Mwaka 2018 kampuni hizo zilipotoa kamera za fremu kamili zisizo na kioo, umbali huo ulishuka hadi milimita 20 kwa Canon RF na 16 kwa Nikon Z.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Adapta ya kuvalisha lenzi ya EF kwenye bodi ya RF ni bomba tupu la milimita 24 lenye nyaya za mawasiliano. Halina lenzi ndani, kwa hiyo ubora wa picha haupungui na fokasi inafanya kazi. Lenzi ya RF haiwezi kurudi kwenye DSLR. Ingebidi izame ndani, mahali pa kioo. Kwa Nikon, angalia herufi kabla ya kulipa: AF-S na AF-P zina mota zake zenyewe na zitafokasi kupitia adapta ya FTZ, lakini AF-D hutegemea mota ya bodi, na bodi za Z hazina. Ukishavuka, lenzi hiyo ya bei nafuu utaizungusha kwa mkono.

Bila kioo unapata nini? Kamera hutafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania hata akitembea, na kitundu kinakuonyesha mapema kama gauni jeupe la bibi harusi litaungua kwa mwanga. Unapata pia ukimya, na kwenye nikahi au misa ukimya ni heshima. Ila shata ya kimya husoma kihisi mstari kwa mstari. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100, na picha hutoka na mistari ya giza. Weka spidi 1/100 au 1/50, au rudi kwenye shata ya kawaida. Taa za LED za jukwaani zina mapigo yake. Zijaribu kabla wageni hawajaingia.

Betri ni gharama ya kweli. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera, DSLR ya Nikon D750 hupiga picha 1,230 kwa chaji moja, Nikon Z6 isiyo na kioo picha 310. Kazini utapata zaidi ya hapo, lakini kwa harusi ya kutwa nzima beba betri tatu, hasa panapokatika umeme.

Canon na Nikon zilitoa DSLR zao kuu za mwisho mwaka 2020. Hilo halizifanyi mbovu. Mwenye fedha kidogo anayepiga picha za mnato, ningempa Canon 6D ya mtumba na lenzi za EF za milimita 50 na 85, fedha inayobaki anunue flashi. Aulize shata imepiga mara ngapi. Ya 6D ilitengenezwa kwa mategemeo ya mara 100,000.

Anayeuza video ni habari nyingine. DSLR ikirekodi, kioo hubaki juu, kitundu huwa giza, na 6D hufokasi polepole ikihangaika mbele na nyuma. Huyo asinunue DSLR ya kupitia tu; akusanye fedha, anunue bodi ya RF na adapta, kisha atafute lenzi za EF za mtumba.