Kabla ya Kuling'oa Dirisha la Kale

Katika mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, nyumba nyingi za wakulima zina kuta za mawe zenye unene wa nusu mita na zaidi. Ndani ya kuta hizo mna madirisha madogo ya mbao, mengine yakiwa na umri wa miaka 150 au 200. Yapo yasiyotumia bawaba kabisa: nusu moja ya dirisha huteleza pembeni mbele ya nusu nyingine, mtindo unaojulikana nchini humo kwa jina la jimbo hilohilo. Ni madirisha mazuri, na ni ya baridi. Januari, upepo wa milimani unapovuma, pazia hutikisika ilhali dirisha limefungwa. Mwenye nyumba akichoka, huona suluhisho ni moja tu: ang'oe yote, aweke ya plastiki yenye vioo viwili.

Naamini uamuzi huo mara nyingi hufanywa mapema mno, na fizikia inaniunga mkono.

Tuanze na hesabu isiyopendeza. Dirisha la kioo kimoja hupoteza takriban wati 5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Sebule ikiwa na nyuzi 20 na nje ni sifuri, kila mita ya mraba hupoteza wati 100, sawa na balbu ya kizamani inayowaka uani usiku kucha. Dirisha jipya la vioo viwili hupoteza chini ya theluthi ya kiasi hicho. Tofauti hiyo ni ya kweli, na bili ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi si jambo la kubeza.

Lakini kinachozuia joto lisitoke ni nini hasa? Si kioo. Kioo hupitisha joto kwa urahisi, kiasi kwamba hata ukikiongeza unene kutoka milimita 4 hadi 12, upotevu utapungua kwa asilimia 4 au 5 tu. Karibu kinga yote ya dirisha la kale hutokana na utando mwembamba wa hewa tulivu unaoshikamana na kioo, ndani na nje. Upepo ukivuma, utando wa nje hupukutishwa na joto hutoka kwa kasi zaidi. Hata vioo viwili havina siri nyingine: vimefungia hewa katikati, ikakosa pa kwenda. Nafasi hiyo ikiwa finyu sana, joto huvuka moja kwa moja. Ikiwa pana, hewa huanza kuzunguka, ikipanda upande wa ndani ulio na joto na kushuka upande wa baridi. Ndiyo maana viwanda vingi huacha milimita 16 hivi, hujaza gesi ya arigoni isiyopitisha joto kwa wepesi kama hewa, na hupaka kioo utando wa fedha usioonekana ili kurudisha mionzi ya joto chumbani.

Ukishalielewa hilo, utaona kwamba hewa tulivu inaweza kupatikana kwa njia nyingi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, wakifanya kazi kwa ajili ya shirika la urithi la Historic Scotland, walipima joto linalopita kwenye kioo cha dirisha la kale huku wakilifunika kwa namna mbalimbali. Pazia zito lilipunguza upotevu kwa asilimia 14. Vibao vya mbao vya kufungia dirisha kwa ndani vilipunguza kwa asilimia 51. Kioo cha ziada kilichowekwa upande wa ndani, bila kuligusa dirisha lenyewe, kilipunguza kwa asilimia 63. Nasikitika kila ninapokumbuka kwamba katika nyumba nyingi vibao hivyo vipo tayari, vimekunjwa ukutani kando ya dirisha, vimepakwa rangi juu ya rangi hadi vikagandamana.

Na kuna nyufa. Ubaridi unaomsumbua aliyeketi karibu na dirisha mara nyingi ni hewa inayopenya pembezoni mwa fremu. Jaribio lililofanywa kwa ajili ya shirika la urithi la English Heritage lilionyesha kuwa dirisha la kale la kuteleza likikarabatiwa na kuwekewa kanda za kuziba nyufa, hewa inayopenya hupungua kwa asilimia 86. Hiyo ni kazi ya seremala mmoja na vifaa vya bei ya kawaida.

Sasa tutazame kinachotupwa. Mbao nyingi za madirisha hayo ni za msonobari kutoka misitu ya Baltiki na Skandinavia, ambako majira ya kukua ni mafupi na mti huchukua muda mrefu kunenepa. Mafundi walichagua moyo wa mti, uliojaa utomvu na kemikali zinazodhoofisha kuvu wanaoozesha mbao. Misonobari ya kupandwa, inayokuzwa haraka na kuvunwa mapema, ina sehemu ndogo zaidi ya moyo huo. Hata dirisha la kale likioza, kwa kawaida huanzia chini, kwenye kizingiti na viungo vinavyokaa na maji. Fundi hukata sehemu iliyooza, huunga kipande kipya, na hushikilia kioo kwa puti ya chaki ya unga na mafuta ya mbegu za kitani. Tahadhari moja tu: rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo zisipigwe msasa mkavu wala kuchomwa kwa moto.

Kioo nacho kina historia yake. Muda mrefu kabla ya kampuni ya Pilkington kutangaza mwaka 1959 mbinu ya kumwaga kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka, kioo kingi cha dirisha kilipulizwa kwa pumzi, kikazungushwa kuwa sahani au kikapasuliwa kutoka kwenye mcheduara na kunyooshwa. Mawimbi yake yametokana na mikono hiyo. Wako wanaosema kioo hutiririka polepole na kunenepa chini kadiri karne zinavyopita. Si kweli: hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 kuhusu kioo cha zama za kati cha Westminster Abbey ilionyesha kuwa katika miaka bilioni moja kingesogea takriban nanomita moja tu.

Vioo viwili vya kiwandani, kwa upande wake, hutegemea gundi ya ukingoni. Ikichoka, pengine baada ya miaka 20 au 30, unyevu huingia katikati, ukungu hutanda mahali ambapo kitambaa hakifiki, na kioo chote hubadilishwa.

Tena nyumba ya mawe iliyojengwa kwa chokaa ilizoea kupitisha hewa. Ukiziba kila ufa bila kuacha tundu la kutolea mvuke wa jikoni na bafuni, mvuke huo hutafuta ukuta wa baridi na kugeuka maji, kisha kuvu huota. Feni ya jikoni iingizwe kwenye bajeti ileile ya madirisha.

Yako madirisha yasiyookoleka, nami sisemi yahifadhiwe kwa nguvu. Lakini baadhi ya nyumba zimeorodheshwa kama urithi, na humo kubadilisha dirisha la asili bila kibali ni kosa la jinai. Kwingine, tatizo huwa ni vijiti vyembamba vya fremu, vilivyotengenezwa kubeba kioo cha milimita 3; kioo pacha cha milimita 24 hakikai humo, na uzito wake utavichosha. Kwa hali hiyo kuna teknolojia ninayoifuatilia kwa matumaini, iliyozaliwa katika maabara za Chuo Kikuu cha Sydney na kuanza kuuzwa na Wajapani miaka ya 1990. Vioo viwili hutenganishwa kwa nafasi isiyofika nusu milimita, vikishikiliwa na vinguzo vidogo kuliko kichwa cha pini, na hewa yote hufyonzwa. Pasipo hewa hakuna cha kuzunguka wala cha kubeba joto. Vilivyo bora sasa hupoteza wati 1 hivi au pungufu kwa kila mita ya mraba na kila nyuzi, na unene wake wote ni milimita 7 au 8. Bei yake bado ni kubwa, lakini fundi akichonga kidogo mfereji wa fremu ya kale, vingi huingia.