Pambo moja kila Krismasi: zawadi ya mkono inayobaki nyumbani

Desemba ikifika, mabasi yanayotoka Makambako kuja Njombe na Makete hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wakinga ni watu wa biashara, wametawanyika Kariakoo, Mbeya, Iringa, Songea na kwingineko, na Krismasi ndiyo inayowakusanya tena Tandala, Bulongwa, Ikonda na vijiji vingine vya milimani. Wanakuja na mchele, sukari, mafuta ya kula na vitenge vya akina mama. Mwaka mpya ukipita wanaondoka na magunia ya viazi mviringo na maharage. Zawadi zote hizo ni nzuri, ila mwezi wa pili ukifika karibu zote zimeshaliwa au zimechakaa.

Makala haya yanahusu zawadi ya namna nyingine, ambayo haihitaji duka. Kila mwaka mtu mmoja katika familia anatengeneza pambo dogo la Krismasi kwa mkono, anaandika mwaka na jina, kisha anampa mtu. Mwaka unaofuata anatengeneza lingine. Baada ya miaka 10 yule mtu ana mapambo 10, na kila moja linamkumbusha Krismasi yake.

Yalikotoka mapambo haya

Mti wa Krismasi na mapambo yake tuliletewa, na kwa huku kwetu waliotuletea walikuwa hasa Wajerumani. Mwaka 1891 wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe, na mwaka huohuo wale wa Berlin wakafika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hao wa Berlin ndio baadaye walioingia Ukinga, na kazi yao ndiyo iliyozaa makanisa ya Kilutheri ya Bulongwa na Tandala. Walitoka katika nchi ambako familia hukaa ndani wakati wa baridi kali na kutengeneza vitu vya kutundika mtini.

Wamoraviani wana nyota yao maarufu ya karatasi. Ilianzia shuleni Niesky, Ujerumani, karibu mwaka 1821, wanafunzi walipokuwa wanajifunza hesabu za maumbo. Leo nyota hiyo ina ncha 25, ndani yake huwekwa taa, na hutundikwa kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wajerumani wengine hutengeneza nyota kwa mabua makavu ya ngano, kwa kuwa mabua hayo yanawakumbusha majani ya hori alimolazwa mtoto Yesu. Katika mji wa Lauscha mafundi wa vioo walianza kupuliza mipira ya kung'aa, nayo ikasambaa duniani. Mipira ya plastiki tunayoiona madukani leo ni mijukuu ya ile ya kioo.

Lakini kila mahali watu huchukua kinachopatikana. Pwani, kwa mfano, jina mkrismasi wamelipa mti wenye maua mekundu unaochanua mwezi huu, na hakuna msindano wala baridi. Iringa kuna karakana ya Neema Crafts, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache. Walianza kwa kutengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Ukiisikia mara ya kwanza unacheka, lakini karatasi hiyo ikawa kadi, na kadi zikaleta mishahara. Kwa hiyo kama kuna mtu anadharau mabua na mabaki ya vitambaa, namshauri apite Iringa akaone.

Nyota ya mabua ya ngano

Makete inalima ngano, na hapo tuna bahati kuliko wilaya nyingi. Ngano huvunwa wakati wa kiangazi, kwa hiyo ukifika Desemba mabua huwa yameshakauka vizuri kama yalihifadhiwa pasipovuja.

Chagua mabua yaliyonyooka, yasiyo na madoa meusi ya ukungu. Kata vipande kati ya kifundo na kifundo, kwa sababu kwenye kifundo bua haliwezi kulainika. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hivi. Usiruke hatua hii. Bua kavu likipasuliwa linavunjika vipande vipande na mtoto anakata tamaa mapema. Likishalainika, lipasue kwa urefu kwa wembe, lifungue kama karatasi, kisha lipige pasi isiyo kali. Pasi ya mkaa inafaa, ila futa majivu kwanza na upitishe kitambaa kati ya pasi na bua. Ukiiacha pale kidogo bua linageuka rangi ya kahawia, na wengine hufanya hivyo makusudi ili nyota iwe na rangi mbili.

Sasa kata vipande vinne vyenye urefu wa kiasi cha sentimita 10. Weka viwili viwe msalaba. Weka vingine viwili juu yake, navyo viwe msalaba, lakini vikae katikati ya nafasi zilizobaki. Unapata ncha nane. Bana katikati kwa kidole gumba, na hapa ndipo unahitaji msaidizi wa pili mwenye uzi. Uzi upite juu ya mabua yaliyo juu na chini ya yale yaliyo chini, uzunguke hadi urudi ulipoanzia, kisha ukazwe na kufungwa fundo. Uzi ukipita juu ya yote bila kusuka, nyota italegea ikikauka. Mwisho punguza ncha kwa mkasi ziwe kama mkuki au mkia wa samaki. Acha uzi mrefu wa kutundikia.

Wembe ashike mtu mzima. Watoto wadogo waachiwe kuloweka, kupanga na kukaza uzi. Mikono midogo ina subira kwenye uzi kuliko tunavyodhani.

Msindano, kitenge na maganda ya mahindi

Karibu kila familia Makete ina shamba la misindano au ina jirani mwenye nalo. Yale matunda yake magumu yenye magamba, ambayo watoto huyageuza ng'ombe wa kuchezea, ni pambo tayari. Tatizo ni kwamba Desemba ni mvua, na tunda la msindano hujifunga likipata unyevu na kufunguka likipata joto kavu. Tena msindano unaopandwa sana huku, ule wa aina ya patula, matunda yake yanaweza kukaa mtini miaka kadhaa yakiwa yamefungwa mpaka yapate joto la kutosha. Basi yaweke juu ya kichanja cha jikoni, mbali na ndimi za moto, kwa siku kadhaa. Utayasikia yakilia taratibu yanapofunguka. Usiyaweke kwenye makaa, kwa sababu utomvu wake unawaka kama mafuta ya taa.

Yakifunguka, funga uzi kwenye magamba ya chini, ingiza vipande vya kitenge au shanga kati ya magamba, basi. Mabaki ya kitenge muombe fundi cherehani. Mara nyingi anayatupa.

Maganda ya mahindi hutoa malaika na wanasesere wazuri. Nayo yaloweshwe kwanza, yakunjwe yakiwa laini, yafungwe kiunoni kwa uzi na kuachwa yakauke yakiwa yamesimama.

Neno moja kuhusu maua. Kitulo, ambako wengi wetu tunakuita Bustani ya Mungu, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na mvua za Desemba ndizo zinazoanza kuyachanua maua yake. Usiende kuchuma humo hata ua moja la kukausha. Ua la shambani kwako au la kando ya nyumba linatosha.

Mwaka na jina

Ukitengeneza pambo zuri ukaliacha bila maandishi, umetengeneza pambo tu. Andika mwaka. Andika jina la aliyelitengeneza na la anayepewa. Kwenye nyota ya bua maandishi hayakai, kwa hiyo funga kijikaratasi kigumu cha boksi kwenye uzi, uandike kwa kalamu ya wino usiofutika na maji. Unaweza kuongeza neno moja la mwaka ule: "mwaka wa viazi vingi", "mwaka dada alipoolewa", "mwaka wa bati jipya".

Hili nalisisitiza kwa sababu ya historia yetu. Ukimwi uliiumiza Makete vibaya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha mkoa wa Njombe una maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, na ule wa 2016 hadi 2017 ulionyesha asilimia 11.4, bado tukiongoza. Dawa zimebadilisha mengi, watu wanaishi na kuzeeka. Lakini zipo nyumba nyingi ambazo bibi amelea wajukuu peke yake, na wajukuu hao wamekua bila picha ya mama wala kitu chochote alichokigusa. Nguo ziligawanywa baada ya msiba, simu iliharibika, sauti haikuhifadhiwa. Mtoto anauliza mama alikuwa na mwandiko gani, na hakuna wa kumwonyesha.

Kijikaratasi chenye mwandiko wa mama kwenye nyota ya mabua kisingemrudisha, ila kingekuwepo. Katika nyumba ya namna hii, bibi na wajukuu wanaweza pia kuanza leo na kutengeneza pambo moja kwa ajili ya yule aliyeondoka, jina lake likaandikwa na bibi mwenyewe au na mjukuu huku bibi akitamka. Wakati wa kusuka uzi ndipo hadithi zinapotoka. Mtu mzima ambaye ukimkalisha na kumuuliza kuhusu marehemu atanyamaza, mpe mabua ashike kwanza.

Kwa wanaorudi mjini

Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam anaweza kuja Tandala siku nne, akaona baridi, akalia, akaondoka bila kumjua bibi yake. Jioni moja ya kutengeneza nyota pamoja inawapa kazi ya kufanya hata kama Kikinga hakijui na Kiswahili cha bibi kinamchanganya. Na bibi akipewa pambo lenye jina la mjukuu, analitundika ukutani hadi Krismasi ijayo, iwe mjukuu atakuja au hatakuja.

Kwenye basi nyota ya mabua ibanwe katikati ya vipande viwili vya boksi na kuwekwa ndani ya daftari. Isiwekwe kwenye begi la chini pamoja na viazi.

Januari tunaijua. Ada ya shule za serikali iliondolewa, lakini sare, madaftari na nauli bado vinatusubiri, na mbolea pia. Baba aliyejipa deni dukani ili aonekane amekuja na zawadi kubwa analilipa deni hilo hadi Pasaka. Sisemi watu wasinunue mchele. Nasema shangazi, mama mdogo na wajukuu wote 12 hawahitaji kila mmoja kitu cha dukani.

Kutundika na kutunza

Usiweke mshumaa juu ya mti wenye mabua, karatasi au matunda ya msindano, na usiuweke chini yake. Nyumba ya mbao huwaka kabla hujatoka na ndoo. Taa ndogo za sola ni salama zaidi, au acha mti bila taa.

Baada ya sikukuu, hakikisha hakuna hata punje moja ya ngano iliyobaki kwenye mabua, maana panya atakuja kwa ajili ya punje na atakula nyota pia. Yakaushe mapambo siku moja kwenye chumba chenye moto, yafunge kwa gazeti, yaweke kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa na yenye mfuniko unaobana, na uiweke mbali na ukuta unaolowa masika. Ukikosa mabua mazuri mwaka huu, ngano itakapovunwa tenga fungu moja kabla hawajapewa ng'ombe, na ulifunge darini.