Msimu wa Mjengo Umekwisha? Iulizeni Mito ya Ukambani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizunguka Nairobi. Tulipita Kilimani na Kileleshwa, tukaona nyumba za zamani zenye bustani zikibomolewa ili pasimame ghorofa, nami nikaacha swali wazi: je, msimu huu wa mjengo umefika mwisho, au umekaa kitako tu kupumzika? Wapo waliotaka nijibu kwa neno moja. Jibu la neno moja sina, ila najua mahali pa kulitafuta, na si Nairobi. Ni huku kwetu, mitoni.

Anayeishi kando ya mto Tiva, Kitui, hasubiri takwimu za Benki Kuu ndipo ajue kama jiji linajenga. Husikiliza malori. Mwaka ambao mjengo umechangamka, magari hunguruma usiku kucha, ijapokuwa mwongozo wa kitaifa uliotolewa na mamlaka ya mazingira, NEMA, mwaka 2007 unataka mchanga upakiwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na shimo lisizidi futi 6 kwenda chini. Mwaka ambao mjengo umelala, vijana wa kupakia hushinda chini ya mgunga, sepetu zimelazwa kando, wakibishana juu ya mpira. Nimeishi karibu na mto muda wa kutosha kuizoea misimu hiyo miwili kama nilivyozoea kiangazi na mvua.

Lakini kwa nini jiji lenye fedha zote zile lije kuchota mchanga huku? Sababu iko chini ya ardhi. Nairobi imeketi juu ya mawe ya volkeno. Ndiyo maana imezungukwa na machimbo ya mawe mazuri ya kujengea, kama yale ya Ndarugo, na katika mitaa mingi ina ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu na kupasua kuta. Mchanga wa mto, wa kutosha kulijenga jiji, haina. Ukambani tumeketi juu ya miamba ya kale zaidi, iliyopikwa tumboni mwa dunia mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, iliyojaa madini magumu yale yale yanayotengenezewa kioo. Mvua humomonyoa vilima, vijito husomba, mto huchuja: tope huenda na maji hadi baharini, chembe nzito hubaki. Chembe hizo zina kingo kali, zikishikana na saruji hazibanduki. Mchanga wa jangwani, ambao upepo umeuviringisha ukawa kama punje za mtama, haushiki. Dubai, pamoja na jangwa lake lote, imewahi kuagiza mchanga kutoka Australia.

Sasa tupige hesabu ya fundi. Zege la kawaida ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Plasta hutaka mchanga zaidi ya hapo. Mwaka 2024 Kenya ilitumia takriban tani milioni 8.5 za saruji. Hata nikikadiria kwa mkono mfupi, mchanga uliokwenda nayo haukupungua tani milioni 17. Kwa lori la tani 18, hizo ni safari karibu milioni moja katika mwaka mmoja. Si zote zilizoanzia kwetu Kitui. Machakos na Kajiado nako mito imechotwa. Wala Kenya si pekee: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Baada ya maji, hakuna kitu ambacho binadamu huchota kwa wingi kushinda hicho.

Ile hesabu ya saruji ndiyo inayoturudisha kwenye swali letu, kwa kuwa ilikuwa imeshuka. Mwaka 2023 ilizidi tani milioni 9. Ujenzi, ambao mwaka 2014 ulikuwa ukikua kwa zaidi ya asilimia 13, mwaka 2024 ulisinyaa kwa asilimia 0.7. Mtu akitazama hapo tu, atasema maiti imeshafunikwa. Mimi natazama kilichosababisha. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 ili kuiokoa shilingi. Wakandarasi wa barabara walikuwa wakiidai serikali fedha nyingi, mitambo yao imeegeshwa. Kisha Juni vijana wakaingia barabarani kuandamana. Riba ilipoanza kushushwa Agosti mwaka huo, saruji haikukawia; mwaka 2025 ikaanza kupanda tena. Huo si mwenendo wa mgonjwa mahututi.

Mwanauchumi wa Marekani au Hispania akiiona hali hii husubiri kishindo. Kwao mwaka 2008 kishindo kilikuja, kwa sababu nyumba zilijengwa kwa deni na kununuliwa kwa deni; bei ilipoanguka, deni halikuanguka nayo. Uchina nao walimwona mjenzi wao mkubwa, Evergrande, akiamriwa na mahakama ya Hong Kong kufilisiwa Januari 2024. Kenya haina deni la namna hiyo la kuporomoka. Rehani za nyumba katika benki zetu zote ni takriban 30,000, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 47. Mkenya wa kawaida hanunui nyumba. Anaijenga, na anaijenga kwa kozi, safu moja ya mawe baada ya nyingine.

Mchukue jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Mkopo wa kwanza wa SACCO ulizaa msingi. Wa pili ulizaa mawe na kuta, hadi kozi ya saba. Halafu binti akaingia chuo kikuu, kuta zikasimama. Ndugu aliye ng'ambo alipotuma fedha, likamwagwa zege la lenta. (Fedha za walio ng'ambo si za kupuuzwa: mwaka 2024 zilizoingia Kenya zilikaribia dola bilioni 5, na sehemu yake unaweza kuiona kwa macho ukisafiri kutoka Machakos hadi Mwingi, imeezekwa mabati mekundu na ya buluu.) Tangu lenta hiyo hakuna kilichoongezwa. Je, nyumba ya mwalimu imeporomoka kibiashara? Hapana. Hakuna benki itakayoipiga mnada. Imesimama tu, kama mjengo wote wa Kenya unavyojua kusimama na kungoja.

Kwa hiyo pana mijengo miwili, na tumekuwa tukiichanganya. Mmoja ni ule wa ghorofa za kuuza, zile zinazonunuliwa zingali ramani, ambao uliwategemea matajiri wachache na kuendelea kuwajengea hata walipokwisha. Huo, kwa maoni yangu, ulishafika tamati miaka kadhaa iliyopita. Kinachoendelea ni kumalizia vilivyoanzwa na kupunguza bei kichinichini bila kutangaza. Wa pili ni mjengo wa mwalimu. Huu hauna tamati, una vipindi.

Serikali imejiingiza katikati ya miwili hii. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024 baada ya Mahakama Kuu kuikataa tozo ya awali Novemba 2023, humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hulipa kiasi hicho hicho. Anayepata shilingi 60,000 huchangia 900 kila mwezi, na mwajiri wake 900. Kwa fedha hizo zimeinuka kazi kama ile ya Mukuru, Nairobi, ambako nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mei 2025. Sitaki kuidharau, nimewahi kupita Mukuru wakati wa mvua. Lakini tuseme lilivyo: mwalimu wetu, ambaye hana nia ya kuhamia Nairobi hata siku moja, anasaidia kumwaga slabu huko huku lenta yake ikiota nyasi. Na kwa mwenye lori, mteja mkubwa sasa ni kodi. Siku tozo hiyo ikisimamishwa, mtoni tutaijua habari kabla ya gazeti.

Mto wenyewe, je? Hapa wataalamu wa uchumi wa nyumba huwa hawafiki, na ndipo penye jambo zito.

Mito yetu haikauki kama mgeni anavyodhani. Thwake, Kaiti, Tiva, Thua, Tyaa: ukiivuka mwezi wa Agosti utaona barabara ya mchanga mtupu. Chimba kwa mkono, maji haya hapa. Katika mchanga mzuri, zaidi ya robo ya ujazo wake ni nafasi kati ya chembe, na maji hukaa humo yakiwa yamefichwa jua lisiyanyonye. Wazee walilijua hilo, na mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni, upande wa Machakos, wakaanza kulifanyia kazi: unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mafuriko yanaujaza mchanga nyuma yake, nawe umepata tangi lisilohitaji mfuniko. Kitui, shirika la SASOL limesaidia wanakijiji kujenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo lori likiondoka na mchanga, halijachukua mchanga peke yake. Limechukua tangi. Kingo za mto zikibaki wazi, hubomoka na kumeza shamba la mtu. Mwamba ukitokea, mama aliyekuwa akichota maji karibu na nyumbani anaongezewa kilomita kadhaa mgongoni.

Watu walipoanza kukataa, ikawa vita. Mwaka 2011 polisi mmoja wa Makueni aliyepinga biashara hiyo aliuawa, na hakuwa wa mwisho kumwaga damu. Mwaka 2015, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ikapitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, ikaunda mamlaka ya kuusimamia, na ikapiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti. Kitui ilikuwa ikisuasua hadi Charity Ngilu alipopiga marufuku mwaka 2018, pamoja na usafirishaji wa makaa, kwa kelele nyingi zaidi. Naiamini zaidi njia ya Makueni. Amri ya gavana huondoka na gavana. Sheria yenye mamlaka na walinzi wa mto waliotoka kijijini humo hubaki, hata kama usiku bado yapo malori yanayopenya na mikono inayopokea kitu.

Athari yake kwa Nairobi haionekani kwenye mabango ya nyumba za kuuza, lakini ipo. Mchanga wa mto umekuwa adimu, na wajenzi wengi wamehamia mchanga wa mawe yaliyosagwa kutoka machimbo ya upande wa Katani na Lukenya. Mafundi wa zamani huununia, wanasema plasta yake ni ngumu kusawazisha. Watauzoea. Jiji lililoketi juu ya mawe lingepaswa kuyasaga tangu mwanzo badala ya kusaga mito ya watu.

Huku nyumbani nako mchanga uliozuiwa umepata mwenyewe. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, Wote, huko Makueni, imeacha kuwa kituo cha kushukia abiria na kuwa mji wenye karani, daktari na wakili wanaotafuta chumba cha kupanga. Emali, Kibwezi na Mtito Andei zimepata vituo vya reli ya SGR tangu mwaka 2017, na ploti zinapimwa mpaka kwenye mikunde. Lile Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 pale mto huo unapoingia Athi, limemeza zege la kutosha mji mzima. Maendeleo haya nayo yana hadhari yake. Kitui ya kusini iliwahi kuahidiwa kiwanda cha saruji na kampuni ya ARM, kwa ajili ya mawe yake ya chokaa. Kampuni hiyo ikawekwa chini ya msimamizi Agosti 2018, na wananchi wakabaki na ahadi.

Basi nikiulizwa kama mjengo wa mwalimu unaisha, nasema hivi: fedha haitaumaliza, kwa kuwa haukujengwa juu ya rehani za benki. Utabanwa na kile kisichokopeshwa. Benki Kuu inaweza kushusha riba asubuhi moja. Mto huongezewa mchanga na mafuriko tu, na mafuriko huja yanapotaka, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024, yaliyojaza mito yetu na kuua watu. Juma lijalo nitaeleza namna vijiji vinavyopima mchanga uliorudi kabla ya kuruhusu sepetu moja kuingia, na ugomvi unaozuka katika kuamua nani apime.

Jana nilipita kwa mwalimu. Amenunua mchanga, lori moja, kwa risiti ya kaunti. Saruji hajanunua, saruji ikikaa hugandia mfukoni, mchanga hauharibiki. Ameulundika kando ya ukuta, upande wa juu, na nilimkuta akiuzungushia mawe. Mwaka jana alilundika mwingine hapo hapo, mvua ya Novemba ikausomba kidogo kidogo hadi kwenye kijito, na kijito kikaurudisha Tiva.