Nchi Jirani: Zambia, Bwawa la Kariba na Akiba ya Umeme Majumbani

Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame ulioikumba nchi hiyo ni janga la taifa. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani, lakini janga hilo halikuishia shambani. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia hutokana na nguvu za maji, na mvua ilipokosekana, mito ilishindwa kuendesha mitambo kama ilivyozoea. Mwezi Septemba mwaka huo, maji yanayofaa kuendeshea mitambo katika bwawa la Kariba yalishuka chini ya asilimia 10. Mgawo wa umeme ukawa mkali, na wakati mwingine nyumba za mijini zilikaa gizani kwa zaidi ya saa 17 kwa siku.

Katika hali hiyo, wananchi wengi wa Zambia waligeukia jua. Wenye uwezo walinunua paneli za umeme wa jua pamoja na betri za kutundika ukutani. Wenye kipato kidogo walinunua taa ndogo zenye betri ndani yake, na wasio na kitu walirudi kwenye mkaa. Ili kuelewa maana ya badiliko hilo, yafaa kwanza kukumbuka historia ya Kariba yenyewe, kwani ni historia ya nani ameshika swichi.

Bwawa la Kariba lilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na ujenzi wa ukuta wake ulimalizika mwaka 1959. Watonga wapatao 57,000 waliokuwa wakiishi kando ya mto Zambezi walihamishwa ili kupisha maji. Kituo cha kwanza cha kuzalisha umeme kiliwekwa upande wa kusini, yaani upande wa Rhodesia ya Kusini. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ilijikuta migodi yake ya shaba inategemea umeme ambao mitambo yake imo katika ardhi ya jirani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi, na swichi ya Zambia ikawa mikononi mwa utawala ule ule ambao Zambia ilikuwa ikiupinga.

Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ililitambua jambo hilo kuwa la usalama wa taifa. Katika miaka ya 1970 Zambia ilikamilisha kituo cha Kafue Gorge, kisha ikapata kituo chake upande wa kaskazini wa Kariba. Swichi ikarudi nyumbani. Hata hivyo, vituo hivyo vyote, na hata kile cha Kafue Gorge ya Chini kilichokamilika mwaka 2023, vinategemea mvua. Nchi iliyokwisha kujikomboa kutoka kwa jirani mbaya ilibaki mateka wa mawingu.

Hapo ndipo betri ya nyumbani inapopata maana yake. Paneli huzalisha umeme wakati wa jua tu, ilhali mahitaji ya nyumba huwa makubwa jioni. Bila betri, umeme wa mchana hauwezi kufika usiku. Wahenga walisema akiba haiozi, na betri ni ghala la akiba hiyo. Askari wa mawasiliano wanalijua jambo hili kuliko raia wengi, kwa sababu redio ya kambini isiyo na betri iliyojaa ni mzigo mtupu.

Betri zilizo nyingi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya madini ya risasi na tindikali, inayofanana na ya gari. Bei yake ni nafuu, lakini haipendi kutumiwa hadi mwisho. Ikivuka nusu mara kwa mara, maisha yake huwa mafupi. Ya pili ni ya lithiamu, na kwa majumbani inayopendelewa ni ile yenye chuma na fosfati. Hii inaweza kutumiwa kwa asilimia 80 au 90 ya ujazo wake, na hustahimili kujazwa na kutumiwa mara elfu kadhaa, wakati ile ya tindikali kwa kawaida huhesabiwa kwa mamia.

Hesabu yake si ngumu. Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Betri ya tindikali ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina yuniti 1.2, na kwa kuwa nusu tu ndiyo ya kutumia, mwenye nyumba ana yuniti 0.6. Kiasi hicho huwasha taa tano za wati 8 kwa saa 15. Lakini jiko la umeme la wati 1,500 lingekimaliza kwa dakika 24. Kwa hiyo, yule aliyeambiwa na muuzaji kwamba betri moja na paneli moja vitaendesha nyumba nzima, pamoja na jiko, amedanganywa.

Betri ya lithiamu ya yuniti 5, ambayo ndiyo hutundikwa ukutani, hutoa yuniti zipatazo 4.5. Jokofu dogo likila yuniti 1 kwa siku, na taa pamoja na televisheni zikila nusu yuniti, hubaki akiba ya yuniti 3, ambayo inatosha jiko hilo kwa saa 2. Kuijaza betri hiyo kwa siku moja kunahitaji paneli kama tatu za wati 400, zikipata jua kamili kwa saa tano, kwa kuwa vumbi, joto na nyaya hupunguza sehemu ya nguvu zake.

Yapo pia maswali kuhusu mahali pa kuweka paneli. Huko Ujerumani, watu wanaoishi katika nyumba za ghorofa hutundika paneli kwenye kuta na vibaraza. Jua la kule hupita chini katika anga wakati wa baridi, na ukuta hulipata vizuri. Mjini Lusaka, kwenye latitudo ya digrii 15 kusini mwa Ikweta, jua la adhuhuri huwa juu sana, na mwezi Desemba hupita upande wa kusini wa utosi. Paneli iliyosimama wima ukutani hupoteza sehemu kubwa ya jua hilo. Mahali pake ni juu ya paa, ikielekea kaskazini kwa mwinamo mdogo. Betri ndiyo ya ukutani, tena kivulini, kwa kuwa joto hufupisha maisha yake.

Usalama wa mitambo hii unastahili uangalifu wa nidhamu. Betri ya tindikali inapojazwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, hivyo haifai kuwekwa katika chumba cha kulala kisicho na madirisha wala karibu na moto. Betri ya lithiamu iliyovimba au kutobolewa ni hatari ya moto. Aidha, nyumba iliyounganishwa pia na umeme wa shirika lazima iwe na swichi ya kutenganisha, kwani umeme ukirudi kwenye nyaya za barabarani wakati wa mgawo unaweza kumuua fundi anayeamini kwamba nyaya hizo hazina umeme.

Betri za risasi zilizokufa nazo zisiyeyushwe uani. Zambia inaujua ubaya huo kwa uchungu. Mji wa Kabwe, ambao mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, bado una udongo wenye sumu ya risasi, na wanaoumia zaidi ni watoto. Biashara ya vyuma chakavu inayoyeyusha betri kienyeji hupanda mbegu ya Kabwe nyingine, na ni jambo ambalo polisi wanapaswa kulitazama kwa jicho kali sawa na wizi wa paneli wenyewe.

Lakini swali kubwa zaidi ni la usawa. Afrika ya Kusini, ambayo mwaka 2023 ilikuwa na mgawo wa umeme mbaya kuliko miaka yote iliyotangulia, ilitoa nafuu ya kodi kwa watu binafsi waliofunga paneli mpya, kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2024. Nafuu hiyo ilimfaa mlipa kodi mwenye paa lake. Mpangaji wa chumba kimoja hakupata kitu. Ikiwa kila mwenye uwezo atajitenga na gridi, gharama za nguzo na nyaya zitabaki kwa wanyonge. Kwa sababu hiyo, juhudi za mtu mmoja mmoja haziwezi kuchukua nafasi ya juhudi za taifa. Zambia yenyewe ilifungua kituo cha umeme wa jua cha megawati 100 huko Chisamba mwaka 2025, ili maji ya mabwawa yatunzwe mchana na kutumika usiku. Bwawa nalo, kwa njia hiyo, huwa betri ya taifa zima.

Tanzania inayatazama mambo hayo kwa makini. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, mwezi ule ule ambao Zambia ilitangaza janga. Ni fahari ya haki. Lakini Rufiji nao ni mto, na Kariba imekwisha onyesha kwamba mto hauamriwi. Katika miaka ya 1970 Zambia ilijifunza kutoiacha swichi yake katika mkono wa jirani. Ukame wa mwaka 2024 umeongeza fundisho la pili: taifa lisiweke taa zake zote katika mto mmoja.